Naliaka, Hukutoroka

Naliaka mwanangu,

Ningeweza kuja kaburini nikuambie haya tukiwa wawili. Ni hatua chache tu kutoka mlango wa mbele. Lakini uongo tuliousema juu yako hatukuunong'ona. Tuliusema kanisani jina lako likitajwa, tukausema sokoni Kimilili, tukausema mbele ya watoto wako wakila ugali. Basi na ukweli nitausema hadharani. Asome anayetaka, na aone haya anayestahili kuona haya. Wa kwanza ni mimi.

Kwa wasiokujua, wewe ulikuwa mke wa Barasa, mwanangu wa pili, na mama wa Nekesa na Simiyu. Ulitoka kwenu Misikhu ukaja kwangu na cherehani na kicheko kikubwa. Kicheko hicho kilinikera mwezi wa kwanza, wa pili nikakizoea, na baada ya hapo siku usipocheka nilikuja kuchungulia kama unaumwa. Ulishona sare za shule. Nusu ya darasa langu la mwisho kabla sijastaafu walivaa kazi ya mikono yako. Kila Jumatatu ulikwenda Kitale kununua vitambaa, na jioni ulirudi na mkate na habari za mji.

Unakumbuka siku ya jino? Simiyu alikuwa ameshaacha kunyonya. Taya lako la chini lilivimba ukawa huwezi kutafuna, na Barasa akasema litapoa lenyewe. Nikamwambia taya si chai. Nikakupeleka mwenyewe kwa daktari wa meno Bungoma, ukiwa umejifunga leso kichwani kama mtu anayeficha kitu shavuni.

Walikupiga eksirei ya mataya yote mawili. Daktari, mzee mmoja mpole mwenye miwani minene, akaibandika picha kwenye kisanduku cha taa na kutuita tuione. Gego ndilo lililokuwa likikuuma, limeoza ubavuni. Lakini alichotaka tuone ni kingine. Chonge lako la chini, upande wa kushoto, halikuwahi kuota. Lilikuwa limelala ndani ya mfupa, chini ya meno ya mbele, na ncha yake imevuka hadi upande wa kulia.

"Hili sijaliona mara nyingi," akasema. "Watu wengi chonge likikwama, hukwama pale pale. Hili limesafiri."

Akaliziba gego, na hilo lililolala akaliacha kwa kuwa halikuwa na makosa. Ukatoka pale na ganzi mdomoni, l na r zimekuchanganyikia kuliko kawaida, ukaniambia, "Mama, kumbe hata jino rangu rimekataa kazi." Tulicheka mpaka muuguzi akatoka nje kutuangalia. Tukaingia hotelini kunywa chai. Ya kwako ikakudondoka kidevuni bila wewe kuhisi, nikakupangusa kwa leso yangu. Siku hiyo niliacha kukuita mke wa Barasa, nikaanza kukuita mwanangu.

Sasa niambie, mtu aliyekupangusa kidevu aliwezaje kuamini yale niliyoyaamini?

Ilikuwa Jumatatu kama Jumatatu nyingine. Uliondoka asubuhi. Mvua ilianza saa saba mchana, ikanyesha mpaka jioni bila kupumzika. Simu yako haikupatikana. Kesho yake Barasa alikwenda Kitale, na yule mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa akamwambia ulinunua majora mawili ya bluu ukaondoka kabla mvua haijaanza. Alionyesha hata ulipokaa ukisubiri kukatiwa risiti. Kisha mtu mmoja pale barabarani akasema aliona mwanamke kama wewe akipanda lori la kwenda Uganda, dereva akimshika mkono.

Kama wewe, alisema hivyo. Habari ilipofika kwetu hilo neno "kama" lilikuwa limeshadondoka njiani. Ulikuwa ni wewe, na dereva ana jina, na mlikuwa mmeanza zamani.

Polisi waliandika kwenye kitabu cha matukio. "Mwanamke mzima akiamua kwenda, sisi tufanye nini?" ndivyo walivyomwambia Barasa. Alikutafuta wiki mbili. Baadaye alinyamaza, na alipomaliza kunyamaza alikasirika, na hasira ilimfaa kuliko hofu. Akina mama wa kanisa walifuta jina lako kwenye orodha ya kikundi, wakakuombea kama mwanamke aliyeiacha njia. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Nilisema amina.

Mama yako alikuja kutoka Misikhu mara tatu. Mara ya tatu sikumkaribisha ndani. Nilimwambia pale langoni, "Binti yako alitoroka akatuachia watoto. Ukimpata, mwambie Simiyu bado anamlilia."

Hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Naliaka hawezi kumwacha Simiyu. Mwanangu amekufa, mwalimu, na nyinyi hamumtafuti."

Nikafunga lango.

Naliaka, ninachokuandikia sasa ndicho kinachonitoa usingizini. Jumatatu ile ile mto ulisomba daraja la miguu, lile la njia ya mkato. Kila mtu alijua. Tulilalamika mwezi mzima kwa sababu ya kuzunguka. Kila mtu alijua kwamba mvua ikinyesha na magari yakikwama, wewe hushuka ukapita pale kwa miguu, uwahi watoto. Na kila mtu alijua kwamba siku hiyo hukurudi. Mambo matatu, na hakuna kichwa kimoja, katika kijiji chenye walimu na wazee wa kanisa na chifu, kilichoyaweka pamoja. Lori la Uganda lilikuwa tamu zaidi kusimulia.

Mwaka wa pili Barasa alileta mke mwingine. Kabla hajaja, alikusanya vitu vyako nyuma ya nyumba akavitia moto. Nilisimama nikitazama. Nikaona bahasha ya kaki ya eksirei juu ya nguo, nikaichomoa. Usidhani ni mapenzi. Nilijisemea moyoni kwamba siku ukirudi na huyo dereva wako usije ukadai tulikuchomea hata karatasi za hospitali. Nikaitia kwenye sanduku langu la bati, chini ya vyeti vyangu vya ualimu.

Mwaka wa tatu, wachimba mchanga walipata fuvu na mifupa kwenye ukingo wa mto, chini kidogo ya lilipokuwa daraja. Mama yako alisikia redioni. Akaja mara ya nne. Alisimama langoni bila kubisha, kama mtu aliyejiandaa kufukuzwa.

"Sikuja kugombana," akasema. "Redioni wamesema kuna mifupa mtoni, chini ya daraja. Nimekuja kukuomba twende wawili. Wewe umesoma, watakusikiliza."

Sijui ni nini kilinifanya nivae viatu. Labda ni kule kusikia neno daraja. Tulikwenda mpaka kituo kimoja cha polisi upande wa Kitale, na tukamkuta kijana mmoja mezani akila njugu.

"Aa, hiyo kitu?" akasema. "Hiyo kitu iko kwa store ya mochari. Itangoja DNA."

Mama yako aliinamisha kichwa. Mimi niliona giza kwa hasira. Nikamwambia, "Kijana, nimefundisha Kiswahili tangu kabla hujazaliwa. Hata kama angekuwa kitu, ungesema 'hicho'. Lakini huyo si kitu. Mtu akibaki mfupa mmoja bado ni mtu, unasema 'huyo'."

Akacheka. "Sawa, mwalimu. Huyo kitu ako kwa store."

Walimpangusa mama yako mate kwa pamba, wakasema yanakwenda Nairobi. Mwezi ukaisha. Tukarudi. "Si tuliwaambia mngoje?" Mwezi wa pili, wa tatu. Mara kompyuta imekwama, mara barua haijatoka, mara afisa wa faili amehamishwa. Ilifika miezi saba, Naliaka, na wewe ukiwa rafuni ndani ya gunia, ukiwa na namba. Na kwa miezi hiyo saba, hapa nyumbani watu waliendelea kula na kusema uko Uganda umenenepa.

Siku moja yule kijana, ili tu tumwondokee, alifungua faili akatusomea mistari miwili. Mwanamke. Mtu mzima. "Meno karibu yote yako, isipokuwa ya chini kushoto, hii ya kuchongoka. Hiyo haiko. Na wamesema hakuna pengo wala tundu, ni kama haikuwahi kuwa."

Nilishika meza. "Liko," nikasema. "Liko ndani. Limelala."

"Ati limelala?"

"Limelala ndani ya mfupa. Nimeliona kwa macho yangu."

Alinitazama kama unavyomtazama mzee aliyeanza kupotewa na akili. Mama yako ndiye aliyenitoa pale nje, akanikalisha kwenye benchi, na nikamweleza yote: siku ya Bungoma, bahasha, moto. Hata kwa nini niliichomoa nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema tu, "Twende tukailete."

Kesho yake tuliipeleka. Kijana hakuitoa hata kwenye bahasha. "Mama, si tulisema DNA? Hii ni picha ya meno, bana. Kila mtu ana meno." Akanirudishia kwa ncha za vidole.

Tukashuka Bungoma. Yule mzee wa miwani alikuwa amestaafu. Mahali pake tulimkuta daktari mwanamke, kijana, umri wako. Aliishika picha akaisogeza dirishani, akaitazama kwa makini. Tulipomweleza tulikotoka nayo, uso ukambadilika.

"Nani ameikataa hii?" akauliza.

Alitukalisha akatueleza taratibu, kama mwalimu mzuri. Mtu akishakuwa mifupa, alisema, sura imekwenda na alama za vidole zimekwenda, lakini meno hubaki, na mizizi yake hubaki kwenye taya vile vile ilivyokuwa. Ukipiga eksirei ya fuvu kwa pembe ile ile iliyopigwa mtu akiwa hai, unaziweka picha mbili pamoja unalinganisha. Meno mawili matatu kufanana si kitu. Lakini chonge lililosafiri chini ya meno ya mbele, pamoja na gego lililozibwa kwa umbo hili, pamoja na mzizi uliopinda hivi, vyote katika taya moja, hutavikuta kwa watu wawili.

"Na hii DNA?" mama yako akauliza.

"Nzuri sana, mama. Lakini hii ilikuwa sandukuni kwenu. Ingeanza hii."

Akaandika barua kwa daktari wa serikali anayechunguza maiti. Hata hapo, usidhani ilikuwa rahisi. Wiki tano nyingine. Fuvu lilikuwa gunia moja na taya la chini gunia jingine, na taya halikuonekana mara moja. Ufunguo wa stoo ulikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa likizo. Mara mbili yule daktari wa meno alifunga safari kutoka Bungoma mpaka Kitale akarudi mikono mitupu, na mara ya tatu akasema hatoki mlangoni mpaka stoo ifunguliwe. Sisi tulikuwa nyuma yake, vikongwe wawili tumekaa sakafuni, na nikaapa kwamba atakayetaka kupita atanikanyaga.

Walifungua.

Sitakuambia nilichokiona mezani. Nitakuambia nilichokiona kwenye kisanduku cha taa. Upande wa kushoto waliweka picha ya bahasha yangu. Upande wa kulia wakaweka ile mpya, bado ina harufu ya dawa. Yule daktari wa Bungoma akaweka kidole kwenye moja, na kidole kingine kwenye nyingine.

"Kizibo cha gego, hiki hapa, na hiki hapa. Mzizi uliopinda, huu, na huu." Akashuka kidogo. "Na hili."

Lilikuwa limelala vile vile, ncha imevuka kulia. Mto ulikuchukua, mchanga ukakufunika, ukafukuliwa kwa sepetu, ukatiwa guniani, na jino lile halikusogea.

Daktari wa serikali alizitazama, akazipima, akatazama tena, akatia sahihi. Hapakuwa na alama ya silaha wala kipigo popote, alisema, na kwa mahali ulipopatikana, maji ndiyo yanayoelekea. Kazi yote kuanzia kuwashwa mashine mpaka kutiwa sahihi haikufika saa moja. Miaka mitatu ya matusi na miezi minane ya gunia, na dawa yake ilikuwa chini ya saa moja! Nilitoka nje nikapiga mayowe. Watu walidhani ninalia msiba. Nilikuwa nakasirika.

Mama yako hakulia. Alimshika yule daktari wa meno mikono miwili akamwambia, "Asante kwa kumwita kwa jina." Maana ni kweli, tangu tufike pale daktari hakusema "mabaki" hata mara moja. Alisema Naliaka.

Nyumbani nilimkuta Barasa ametoka shambani. Nilipomwambia, alikaa kwenye kizingiti. Akasema, "Angalau sasa tumejua."

"Mama yake alijua," nikamwambia. "Alituambia mara tatu. Sisi tulichagua lori." Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, kule alikochomea vitu vyako, na akakaa huko. Sikumfuata kumbembeleza. Ni mwanangu na ninampenda, lakini siku hiyo sikuwa na la kumpa.

Nekesa alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Ana miaka kumi na moja sasa. Tangu uende alikuwa ameacha kulitamka neno mama. Wenzake shuleni wakimchokoza alikuwa anapigana kimya kimya, anarudi na sare imechanika na hasemi ni kwa nini.

"Kukhu," akaniuliza, maana ndivyo wanavyoniita mimi bibi yao, "kwa hivyo hakutuacha?"

"Hakuwaacha. Alikuwa anakuja nyumbani."

"Alikuwa anakuja," akarudia. Akaingia ndani kumwambia Simiyu, na nikamsikia akimwambia hivyo hivyo, pole pole, kama mtu anayefundisha mwingine kusoma.

Unadhani yaliishia hapo? Wazee wa ukoo walikuja. Walisema, kwa kuwa mke mpya yupo, na kwa kuwa jambo lenyewe ni la zamani, tukuzike asubuhi mapema, nyuma ya migomba, bila vipaza sauti, bila kuitisha watu. "Tusiamshe maneno," mmoja akasema.

Niliwauliza, "Maneno yalipoamka mara ya kwanza, mlikuwa wapi? Mbona hamkuyalaza?" Nikawaambia utazikwa mbele ya nyumba, mchana, watu wakiwa wameitwa, na kama kuna anayeona aibu ajifunike uso aje hivyo hivyo. Mke mpya wa Barasa, na hili lazima niliandike kwa haki yake, ndiye aliyesema, "Mahali pake ni mbele. Mimi sina shida." Akaenda kupika chai ya wageni.

Walikuja wengi. Kanisa lilikuja na kwaya. Yule aliyefuta jina lako alikuja na kitambaa kichwani na machozi mengi. Mtu wa barabarani aliyeona mwanamke kama wewe hakuja, na ningempa nafasi azungumze kama angekuja.

Mchungaji alipoanza kusema mapenzi ya Mungu hayachunguziki, nilisimama nikamwomba kipaza sauti. Nikasema: "Mungu hakumtia Naliaka kwenye lori. Ni sisi. Ni mimi nilimfungia mama yake lango." Nikayasema yote, na daraja nikalitaja. Wazee walitaka kuingia waongee baada yangu, mmoja alikuwa ameshasimama, lakini sikumpa. Nilimpelekea mama yako kipaza sauti pale alipokaa.

Alikishika kwa mikono miwili. Akatutazama, mstari wa mbele, kisha wa nyuma yake, kisha waliosimama uani hadi kwenye ua wa miti.

"Niliwaambia," akasema.

Akarudisha kipaza sauti akakaa.

Naliaka, bado nina hasira, na sitaki mtu aniambie nisamehe upesi. Kwenye rafu ile niliona magunia mengine. Yana namba. Kila moja lina mama mahali fulani, amesimama kwenye lango la mtu, anaambiwa mwanawe yuko Uganda, au Nairobi, au ameolewa au amepotea. Na pengine kwenye sanduku la nyumba yao kuna eksirei ya kichwa ya siku alipoanguka kwenye baiskeli, au ya jino la utotoni, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Si ujinga wao. Ni wajibu wa anayekaa kwenye ile meza kuuliza, kabla hajaendelea na njugu zake.

Mama yako hukaa kwangu siku mbili tatu kila mwezi siku hizi. Hatuongei sana. Anamfundisha Nekesa cherehani, ile aliyokuletea yeye mwenyewe kutoka Misikhu baada ya ile ya kwanza kuchakaa. Juzi msichana alishona mfuko ukakaa upande, akautazama, akacheka. Mimi na mama yako tuliinua vichwa kwa pamoja, kila mmoja akajifanya hakusikia.

Pumzika, mwanangu. Ulikuwa njiani kuja, na sasa umefika. Sikuombi unisamehe katika barua hii, kwa maana msamaha huombwa uso kwa uso, na zamu yangu ya kuja huko haiko mbali. Nilitaka tu ujue kwamba hapa duniani neno limesemwa, kwa sauti, kwamba hukutoroka, na aliyelisema ni

mama mkwe wako, niliyekaa na picha yako sandukuni na nisikutafute.